Mpwa wa Marehemu Nazari

Stendi ya Mbinga ina madalali wa kila kitu: wa kahawa, wa mbao, wa wachumba na wa nyumba. Wa nyumba ndio wenye maneno kuliko wote, na kati ya hao Kilian alikuwa kama askofu wao. Asubuhi ile alimwona Mwalimu Aurelia kabla Mwalimu Aurelia hajamwona yeye, na hapo ndipo hasara ya mmoja wao ilipoanzia.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kibanda cha kutolea pesa, akiuliza kama kuna mtu anayejua nyumba inayouzwa kule chini ziwani. Alikuwa amefundisha Mpepai mpaka akastaafu, na baridi ya milimani ilikuwa imemwingia kifuani ikakataa kutoka. Daktari alimwambia ateremke Nyasa kwenye joto. Alikuwa na kiinua mgongo chake, chote, hajagusa hata senti, na kingine hakipo. Kikiliwa, atarudi kukohoa kwenye chumba cha uani kwa kaka yake mpaka Mungu amchukue.

"Shikamoo mwalimu," Kilian alisema, tayari amekwisha kumpokea kapu. "Nyumba ya ziwani imekusubiri wewe."

Kuanzia hapo mama wa watu hakupumua. Simu ililia kabla hajanywa chai, ikalia akiwa kanisani. Nyumba ya kwanza Kilian aliisifu kwamba inapata upepo wa ziwa, na kweli iliupata wote, maana haikuwa na madirisha. Ya pili ilikuwa jirani kabisa na maji, na masika maji yalilipa ujirani kwa kuingia mpaka jikoni. Kila safari mwalimu alitoa hela ya kuoneshwa. Na kila alipositasita, bosi mmoja kutoka Songea alipiga simu kwamba yuko njiani na fedha taslimu. Bosi huyo aliitwa Wilfred, alishona viatu nyuma ya stendi, na kwa kila simu aliyopiga alilipwa sahani ya chipsi.

"Kilian," mwalimu alisema siku hiyo ya nyumba ya pili, akikamua maji kwenye kanga, "mimi natafuta nyumba, wewe unanitafutia homa."

Dalali mwingine angetahayari. Kilian alimpeleka Lituhi.

Walipofika Kilian aliona nyumba ya matofali ya kuchoma, bati la buluu, kibaraza kipana kinachotazama ziwa, na mipapai mitatu imesimama uani kama walinzi wasiolipwa. Ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyempa Kilian nyumba hiyo aiuze, ila katika dini yake nyumba iliyofungwa ni mali ya anayewahi kusema. Alimwomba mwalimu akae kibarazani, akaenda duka la jirani.

Mwenye duka aliitwa Sumaiya. Kilian alimuuliza ufunguo wa nyumba ile anao nani.

"Ninao mimi. Ni nyumba ya marehemu mzee Nazari," Sumaiya alisema, akimtazama kuanzia kiatu mpaka kofia. "Wewe ni nani wake? Au ndiye Joakim, mtoto wa dada yake, yule aliyevuka kwenda Malawi zamani?"

Kilian hakuwa amepanga uongo huo. Lakini ukiletewa tonge ambalo hukulisonga, ni utovu wa adabu kulikataa.

"Ndiye mimi, dada," akasema, na akainamisha kichwa.

Sumaiya alimpa pole nyingi na ufunguo. Kilian akawafungulia wanawake wote wawili, akasifu dari, kisha akatoka nyuma ya nyumba kupokea simu ya bosi wa Songea. Alipotoka tu, Sumaiya alimwambia mwalimu yote, taratibu, kama anayepima sukari. Yeye na Joakim walikaa dawati moja miaka yote ya shule ya msingi, na huyu si Joakim hata kwa kukosea. Nyumba ni ya mjane, Bibi Hildegardi, ambaye siku hizi anakaa kwa binti yake Kihagara na anatamani kuiuza. Lakini hawezi, kwa sababu msiba wa mzee Nazari haujamalizwa. Katika ukoo huo anayemaliza msiba ni mpwa: ndiye anayeleta ng'ombe, ndiye anayenyolewa, ndiye anayekunja mkeka wa matanga. Bila hivyo anayeinunua nyumba ataonekana amemruka maiti, na hakuna wa Lituhi atakayemwazima hata kiberiti. Mpwa hajulikani aliko, na mjane hana wa kumtuma.

"Hata mimi Mwislamu nalijua hilo," Sumaiya alisema. "Baba alitoka Kilwa akafungua duka hili, nami nimezikana na watu wa hapa maisha yangu yote."

Mwalimu Aurelia alitazama kibaraza, akatazama ziwa, akavuta pumzi iliyofika mpaka chini bila kukwama. Aliipenda nyumba ile mpaka ikamuuma. Kwa miaka mingi alikuwa amesikiliza watoto wakieleza jinsi daftari lilivyoliwa na mbuzi, na alijua kwamba mwongo hakatizwi, anaachiwa amalize.

Kilian aliporudi na habari kwamba bosi amekwisha kupita Peramiho, mwalimu hakubishana. Alisema nyumba ameipenda na ataitolea fedha yote kwa mkupuo. Alishangaa tu kwamba Kilian amemficha kuwa nyumba ni ya kwao.

"Sipendi kujikweza, mwalimu."

"Basi maliza kwanza msiba wa mjomba wako. Mimi silali kwenye nyumba ambayo mkeka wa matanga bado umetandikwa."

Walimpeleka kwa mzee Urbani, mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo. Sumaiya alitangulia kumsalimu, na salamu zao zilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Mzee Urbani alimkumbatia Kilian, akamwita mpwa, akamwambia kwamba msiba ukiisha nyumba itakuwa huru kuuzwa hiyo hiyo kesho yake. Kilian hakuuliza itauzwa na nani. Kichwani mwake alikuwa amekwisha kulala Makambako na kiinua mgongo cha mwalimu chini ya mto.

Akauza pikipiki yake. Akanunua ng'ombe mnadani, dume lenye nundu, kwa kuwa mzee Urbani alikwisha kusema lililokonda halipokelewi. Mchele, mafuta na chumvi alivichukua dukani kwa Sumaiya, ambaye hakumpunguzia hata kidogo, akisema kupunguziwa kwenye msiba ni mkosi.

Watu walikuja kutoka pande zote za ufuko, na mjane naye akaletwa na binti yake kutoka Kihagara. Katekista aliongoza rozari. Kilian aliketishwa mkekani, mzee Urbani akamnyoa upara kwa wembe, na Kilian akalia. Alilia vizuri sana, kwa kuwa ni fani yake, mpaka kina mama waliokwisha kumaliza kulia wakaanza upya. Baadaye walikula nyama na ugali wa muhogo, wakasema kwa miaka mingi Lituhi haijapata mpwa wa namna ile. Alikunja mkeka mwenyewe.

Asubuhi yake wote walikuwa ofisi ya kijiji. Mtendaji alisoma hati ya mauziano kwa sauti: muuzaji ni Hildegardi, mjane wa marehemu Nazari, mnunuzi ni Aurelia, mwalimu mstaafu.

"Na mimi?" Kilian aliuliza.

"Wewe ni shahidi," mzee Urbani alisema kwa upole. "Umetutua mzigo, mpwa wangu. Andika hapa: Joakim."

Mtendaji aliongeza kwamba kama kutakuwa na tatizo la kitambulisho asihofu, askari yupo hapo nje anakunywa chai. Kilian alikuwa na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Alisema hajui kuandika. Akasogezewa wino wa dole gumba, akalitazama dole gumba lake kwa huzuni, akasema linauma. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimkera kuliko kicheko.

"Basi angalau udalali wangu," akasema hatimaye.

"Mpwa anadaije udalali kwenye nyumba ya mjomba wake?" Sumaiya aliuliza. "Au si mpwa?"

Kilian alitazama mlango, akasikia askari akikoroga sukari. Mwalimu Aurelia alimkabidhi mjane fedha mkononi, mtendaji akagonga mhuri, na ufunguo ukaingia kwenye kapu la mwalimu. Mwalimu aliulizwa kama ana neno. Alijifuta macho, akaomba waende nyumbani kwake wakanywe chai.

Bibi Hildegardi hakwenda kwanza. Alimvuta Kilian pembeni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Mwanangu," alisema, "sauti ya Joakim naijua. Si hii yako. Lakini yeye nimemngoja hakuja, na wewe umekuja ukamlilia mzee wangu. Mungu akubariki."

Kilian aliona aibu, aibu ya kweli, ambayo hakuwa na uzoefu nayo na hakujua aiweke wapi. Afadhali angetukanwa.

Ilibaki haki ya mpwa. Ukoo ule haumwachi mpwa aondoke mikono mitupu. Fungu lake ni kichwa cha ng'ombe, na ni lazima akibebe mwenyewe mpaka kwake, maana akikikataa anaudharau msiba. Walikifunga kwenye kiroba, pembe zikachungulia nje. Kwa kuwa pikipiki haikuwepo tena, alipanda lori la usipa, dagaa wa Nyasa, linalokwenda Mbinga, akaketi juu ya magunia na kiroba mapajani.

Abiria mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, aliutazama upara ule mpya unaong'aa juani, akavua kanga yake ya pili akampa ajifunike.

"Pole sana, kaka. Amekufa nani?"

Kilian alikikumbatia kiroba lori lilipoanza kupanda mlima.

"Mjomba," alisema, na akalia mpaka Mbinga.