Mwalimu Verediana na Vita vya Hisa za Mwanzo

Tegeni masikio, enyi wa Dongobesh mnaopalilia vitunguu, nanyi wa Katesh mnaoamka mkiutazama mlima, mpate habari za Mwalimu Verediana, mstaafu wa hesabu, jemadari wa chaki asiyepata kushindwa na sehemu wala desimali, alivyoingia vitani kwa ajili ya shilingi mia sita.

Watu watano wa Katesh walikuwa wameunganisha kompyuta zao kuchimba sarafu ya mtandaoni. Mashine zilibahatisha fumbo la namba bila kupumzika. Kila jaribio lililokaribia jibu lilihesabiwa hisa moja, na fumbo lilipofumbuliwa, tuzo iligawanywa kwa hisa zote tangu duru ya fumbo hilo ianze. Kompyuta ya Verediana ilikuwa kongwe, ikinguruma kama mashine ya kusaga, lakini haikuzimwa hata siku moja, na umeme wake ulitoka kwenye pensheni.

Ndipo akamgundua mwenzao Herman, muuza simu, mwenye mashine iliyozizidi nguvu zile nne nyingine zote. Duru ikianza, Herman alimwaga hisa kama mvua ya mawe. Duru ikirefuka, alihamia kundi jingine akawaachia wenzake siku za ukame. Tuzo ikija, hisa zake za mwanzo zilikula sawa na za waliovumilia. Jambo hilo lilimchoma Mwalimu, kwa kuwa kugawanya alimfundisha Herman yeye mwenyewe, darasa la tatu.

Akaitisha baraza katika duka la vifaa vya shule la Tekla, katibu wao. Herman akaja, akampa shikamoo kwa adabu, kisha akajitetea kwamba hakuvunja kanuni yoyote, na kanuni waliitunga wote. Tadeo, fundi baiskeli, alimnong'oneza Mwalimu aliache jambo hilo, maana Herman akiondoka na mashine yake, tuzo wataisikia kwa majirani.

Verediana akasimama, akatengeneza kitenge chake kama shujaa avaaye deraya.

"Kweli hukuvunja kanuni, Herman. Kanuni ndiyo inayotuvunja sisi. Ukija kulima asubuhi udongo ungali laini, ukaondoka jua likipanda, hatukufukuzi. Ila jembe lako lisidai debe sawa na jembe lililobaki shambani. Tuzo ikija, tuhesabu hisa elfu kumi za mwisho tu, bila kujali duru ilianza lini."

"Na nikiondoka, Mwalimu?"

"Tutasubiri sana, tukipata tutagawana kwa haki. Lakini ningependa ubaki. Hesabu ulikuwa unaziweza."

Herman akatoa simu, akakokotoa, akafuta, akakokotoa tena. Hatimaye akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi anayeomba kujibu, na wengine wakanyoosha.

Zikapita siku kumi na moja. Mara tatu Verediana alimtuma Tekla aangalie kama mashine ya Herman ingali kundini. Mara zote ilikuwepo. Fumbo lilipofumbuka, Mwalimu, aliyezoea kupata elfu moja na mia nne, akapokea elfu mbili kamili. Akaenda dukani, akanunua chumvi na kiberiti, akafungiwa ndani ya gazeti, akatembea nyumbani polepole ili watu wamwone.

Andikeni basi, wenye kuandika mambo makuu ya nchi, kwamba haki iliingia Katesh siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ikiwa imefungwa ndani ya gazeti, na mwanamke mmoja aliibeba kwapani bila kuhitaji msaada.