Siku Mama Mkwe Alipofungwa Mikanda

Leo sina uso. Ule niliokuwa nao asubuhi umebaki langoni kwetu hapa Njiru, mbele ya akina mama sita wa kanisa. Nawaandikia nikiwa nyuma ya nyumba, nimekalia debe. Sebuleni siingii.

Mnalijua gari langu. Kwa wasiolijua, ni lile la Kijapani lenye turbo na pua kubwa juu ya boneti, la enzi zile ambapo likipita Umoja, watu waliacha chai mezani wakatoka nje kutazama. Nililinunua likiwa limekufa. Limekaa miaka mitatu juu ya mawe hapa uani. Injini nimeifungua mara nne (mara ya kwanza nilibaki na nati saba mkononi, na mpaka leo sijui zilitoka wapi). Kuku wa jirani walitagia ndani. Mke wangu, Nasimiyu, alisema spoila, lile bawa la nyuma, ndiyo kitu pekee cha maana kwenye gari hilo, kwa sababu soksi zinakauka vizuri pale.

Halafu wiki mbili zilizopita, likawaka. Jamani! Lilinguruma mpaka vyombo vikatikisika kabatini. Nililia. Sifichi, nililia machozi yenye grisi.

Nasimiyu hakulia. Alisimama mlangoni na mwiko.

"Baba Imani, mama anakuja Nairobi. Atalala kwa dada yake Umoja, halafu Jumamosi aje hapa kwetu. Hiyo gari imlete. Ikimleta, ibaki. Isipomleta, yule mtu wa Kayole anayetaka spea aje aichukue."

"Imepita," nikasema. Nilikubali haraka kama mtu aliyeulizwa kama atakula.

Sasa nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu magharibi. Mimi na mama mkwe hatushikani mikono. Hatukai kochi moja. Tukikutana njiani, mmoja anakaa upande huu na mwingine upande ule, tunasalimiana kwa mbali kama watu waliotenganishwa na mto. Si ugomvi. Ni heshima, na mimi heshima hiyo naitunza.

Kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi. Mama angekaa kiti cha nyuma, mimi mbele, kila mtu na eneo lake. Tatizo ni kwamba kiti cha nyuma kilikuwa Shauri Moyo kwa fundi wa viti, anakishonea ngozi mpya. Aliniahidi Jumamosi asubuhi kitakuwa tayari.

Saa mbili leo asubuhi niko kwake. Nikakikuta kiti kimelala uchi, springi nje, na fundi anakunywa uji juu yake.

"Fundi! Uliniambia leo!"

"Buda, kazi iko karibu kuisha. Imebaki tu kushona."

"Kushona ndiyo kazi yenyewe!"

"Sasa unaona tunaelewana. Kuja Jumanne."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angempigia mke wake simu na kusema ukweli. Mimi nilimpigia Nasimiyu nikasema, "Kila kitu kiko sawa, Mama Imani. Weka maji ya ugali."

Nikaenda Umoja. Garini mlikuwa na viti viwili tu, changu na cha abiria. Na hicho cha abiria si kiti cha watu wa kawaida. Ni kiti cha magari ya mashindano, kina mabawa pembeni yanayokukumbatia mbavu, na mikanda minne inayokutana tumboni kwenye kifungo cha duara. (Nilikitafuta mwaka mzima. Kila mtu aliniuliza kitabeba nani. Sasa mnajua.)

Mama mkwe alikuwa amesimama langoni na mkoba wake, amevaa gauni la Jumapili. Dada yake, ambaye sisi tunamwita Mama Mkubwa, alichungulia ndani ya gari, akachungulia tena, akanitazama.

"Na yeye atakaa wapi?"

Nikaonyesha.

"Kando yako?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikaanza kumwona yule mtu wa Kayole anakuja na mnyororo wa kuvutia gari. Lakini Mama Mkubwa ni mwanamke wa suluhisho. Aliingia ndani, akarudi na leso ya kujifunga, akaifunga mbele kwenye kioo cha ndani, akaivuta hadi nyuma katikati ya dari, akaishikiza na pini za nguo. Pazia! Huku mimi, kule mama mkwe, kati yetu ukuta wa maua mekundu. Desturi ikawa salama.

Kumfunga mikanda, siwezi. Nikasimama mbali, nimeligeuzia gari mgongo, nikawa natoa maagizo.

"Mkanda wa bega la kulia uingie kwenye ile duara, Mama Mkubwa. Sasa wa kushoto. Sasa ile ya kiuno. Sukuma mpaka ilie."

"Imelia!"

Ililia, ndiyo. Kitu ambacho hakuna aliyekiona ni kwamba upindo wa leso nao uliingia ndani ya duara pamoja na mikanda.

Tukaondoka. Nikagundua mara moja kwamba pazia limeficha kioo cha kushoto. Sioni chochote upande ule. Hapo sikuwa na budi.

"Mama, samahani. Huko kushoto kuna mtu?"

Sauti ikatoka nyuma ya maua. "Kuna mkokoteni wa mitungi ya maji. Ngoja. Ngoja. Haya, pita."

Nikapita. Tukaingia Kangundo Road namna hiyo, mimi nauliza, yeye anajibu. Mwanzoni alijibu kwa sauti ya kanisani. Tulipofika mahali barabara imefunguka, nikakanyaga kidogo (kidogo tu, nilikuwa na mzazi). Turbo ikavuta pumzi, ikapiga ule mluzi wake, migongo yetu ikabanwa kwenye viti. Nikasubiri kilio.

"Baba Imani."

"Ndiyo, Mama."

"Kuna lori hapa mbele linatutolea moshi. Utalifuata mpaka lini?"

Wenzangu, nilitaka kusimamisha gari nishuke nicheze. Miaka mitatu! Kucha zangu zimekuwa nyeusi miaka mitatu, na mtu wa kwanza kuelewa kwa nini ni mama mkwe wangu! Nikalipita lori. Nyuma ya leso nikasikia kicheko kidogo, kisha kikohozi cha kukificha kicheko.

Tukafika. Gari halikukwama, halikuchemka, halikudondosha hata nati. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepangana langoni na vitambaa vyeupe kichwani, wanaimba kumpokea mgeni. Kiongozi wao, Mama Sera, alikuwa na kayamba. Nasimiyu amesimama kati yao na aproni, ananitazama kwa macho ya mtu anayejiandaa kukubali ameshindwa. Majirani wametoka. Ilikuwa saa yangu.

Nikachomoa ufunguo, nikashuka polepole, nikauzungusha kwenye kidole. (Ndiyo. Niliuzungusha kwenye kidole. Mungu alikuwa anatazama.)

Injini ikaendelea kunguruma.

Hiyo ni kawaida kwa gari la turbo. Kuna kidude nilichofunga mwenyewe ambacho huiacha injini izunguke dakika mbili baada ya ufunguo kutoka, ili turbo ipoe. Nakionea fahari kidude hicho. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote.

Wimbo ukapungua. Mama Sera akatazama ufunguo mkononi mwangu, akatazama gari, akatazama ufunguo.

"Baba Imani, umezima?"

"Nimezima."

"Na hiyo inanguruma ni nini?"

Kabla sijajibu, Nasimiyu alifungua mlango wa abiria ili mama yake ashuke. Mama hakushuka. Alijaribu kuinuka, mikanda ikamrudisha. Akabonyeza duara. Haikufunguka. Nasimiyu akabonyeza. Haikufunguka. Leso ikang'oka darini ikamfunika mama kichwa kizima.

"Kitu kimenishika!" mama akapiga kelele kutoka ndani ya leso.

Basi! Gari linanguruma bila ufunguo, mgeni ameshikwa na amefunikwa uso. Mama Sera hakuhitaji ushahidi mwingine. Akainua kayamba juu.

"Shindwa! Toka ndani ya hiyo gari! Mwachilie mama wa watu!"

"Shindwa!" wakaitikia wote watano.

"Ni turbo inapoa!" nikapaza sauti.

"Turbo, shindwa!"

Wakalizunguka gari wakiombea kwa nguvu, mikono juu ya boneti, kisha mikono ikaondoka juu ya boneti haraka kwa sababu boneti ilikuwa moto. Hilo nalo likachukuliwa kuwa ishara. Na dakika mbili zilipotimia, injini ikazima yenyewe, pwaa, katikati ya neno "toka". Haleluya iliyopigwa pale, nadhani Ruai waliisikia.

Lakini mama alikuwa bado amefungwa. Mimi ndiye pekee ninayejua kifungo kile, kinabonyezwa huku kinazungushwa, na kilikuwa mahali ambapo mkono wa mkwe haufiki mpaka dunia iishe. Nikageuka nikatazama ua wa mabati. "Bonyeza na uzungushe kulia!" Wakazungusha, kikagoma, kimetafuna leso. Mmoja akaja na kisu cha jikoni akate mikanda.

"Msiniletee kisu kifuani," mama akasema. "Mimi si kuku."

Dakika kumi zikapita. Jasho linanitoka nikiwa nimetazamana na mabati. Ndipo nikakumbuka kwamba mikanda ile fundi aliifunga kwenye kiti chenyewe badala ya sakafu ya gari. Ni kosa, nilikuwa nimepanga kulirekebisha. Maana yake, kiti kikitoka, kinatoka na mama.

"Kuna bolti nne chini ya kiti," nikayaambia mabati. "Lakini siwezi kulala miguuni pa mama."

"Leta spana," Nasimiyu akasema.

"Namba..."

"Kumi na nne, najua. Miaka mitatu unanipigia kelele nikuletee ya kumi na nne."

Mke wangu alilala chini na aproni yake. Nilisikia bolti ya kwanza ikilia, kisha ya pili. Ile ya nyuma ilikuwa na kutu, akaigonga mara mbili kabla ya kuifungua, vile vile ninavyofanya mimi. Nilimpenda upya pale pale, nikiwa nimempa mgongo.

Halafu wakakiinua kiti. Nikageuka wakati usiofaa. Akina mama sita, watatu kila upande, wamembeba mama mkwe wangu kwenye kiti cha mashindano, mikanda imekaza, leso inaburuta nyuma, wanaimba. Mama amekaa wima na mkoba mapajani. Watu wanapiga video. Kijana mmoja wa ploti ya pili akapaza sauti, "Buda, kwani mathe wa bibi yako ni rubani?" Ploti nzima ikaanguka kwa kicheko. Nilitamani yule mtu wa Kayole aje anichukue mimi.

Akawekwa mezani hivyo hivyo. Akala kuku akiwa amefungwa. Firigisi, ambayo katika nyumba hii ni ya baba, ilienda kwake, na sikuwa na mdomo wa kuuliza. Alipomaliza aliomba pini ya nywele, akachokoa ule upindo wa leso uzi mmoja mmoja, akabonyeza, akazungusha kulia. Ka! Mikanda ikafunguka. Watu wakapiga makofi.

Lakini hakuinuka.

"Nasimiyu," akasema, nami nasikiliza dirishani. "Mgongo wangu umeniuma tangu mavuno. Hapa hauumi. Kiti hiki kinashika."

"Chukua, mama. Ni chako," mke wangu akajibu kabla sijafungua mdomo. Na kwetu, kiti alichokalia mama mkwe, mkwe hakiulizii tena.

Baadaye Nasimiyu akanifuata hapa nyuma. Nilisimama nisubiri hukumu.

"Tulisema ikimleta, ibaki," akasema. "Imemleta. Ibaki." Akaanza kuondoka, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama anauliza kama kile kiti cha dereva pia kinatoka."

Gari ni langu, jamani. Mwenye kutaka lifti kesho kwenda kanisani aniambie, ila aje na kiti chake.