Jumanne ya Abundio

Real del Monte, Meksiko,
Jumatano, baada ya misa.

Kwako Mheshimiwa Abundio, mdogo wangu wa tumbo moja, Chicago.

YAH: OMBI LA KUIKANUSHA JUMANNE

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeshiba. Sisi huku tungekuwa wazima pia, kama si mambo yafuatayo, ambayo yote umeyaleta wewe kwa simu moja ya dakika nne. Nakuandikia kwa heshima zote, maana nikikupigia unakata.

1. Mwezi wa pili ulimpigia Mama ukamwambia, tena kwa furaha, kwamba nyumbani kwako Jumanne ni siku ya taco. Mama akaweka simu chini, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akasema: "Masikini mwanangu. Kumbe chakula chetu cha kila siku wanampa mara moja kwa wiki."

2. Nilimweleza kwamba huko ni desturi tu, hata maofisini wanafanya hivyo na watu wanacheka. Akanitazama kana kwamba nimehongwa. "Leocadia, mimi si mtoto. Mtu mwenye chakula hapangii taco siku." Tangu hapo, kuanzia Jumatano mpaka Jumatatu, hagusi taco. Anakula wali mweupe, anasema yuko nawe katika dhiki. Simu zako za kila siku za kumbembeleza ale hazijasaidia. Ana miaka themanini na mmoja, Abundio, na mimi naogopa.

3. Picha uliyotuma ili kutuliza mambo haikutuliza. Tortila, chapati ya mahindi ya kukunjia taco, ngumu kama kigae, na jibini la njano ambalo hapa hatujawahi kuona ng'ombe wa kulitoa. Mama aliibusu ile picha akalia. "Hata tortila laini wanamnyima!"

4. Kuhusu historia, kwa kuwa wewe ndiye uliyesoma. Baba wa babu yetu alikuwa mchimba fedha. Aliteremka mgodini na taco zake za viazi na pilipili zimefungwa kwenye kitambaa, akazila gizani bila kujua kama huko juu ni Jumanne au Pasaka. Mwanawe alikula hivyohivyo, na baba yetu naye, asubuhi na jioni, na hakuna aliyeuliza tarehe. Ukoo huu umekula taco kabla haujawa na kalenda ukutani. Leo wewe umezipangia zamu kama walinzi.

5. Padre Nazario alizisikia habari zako kwa Mama, akakuombea altareni kwa jina lako kamili. Mtaa mzima sasa umefunga pamoja nawe. Mzee Filemón, mwenye kibanda cha taco pale kona ya mlangoni petu tangu mimi nikiwa mwanafunzi, siku sita anafukuza nzi. Jumanne foleni inafika duka la dawa, na bega lake la kulia limeteguka kwa kukatakata nyama. Kila nikipita ananiuliza: "Mwanangu Leocadia, huyo ndugu yako nilimkosea nini? Si nilikuwa namwongezea giligilani bure?"

6. Umechangiwa tortila. Mia nne, mpaka Jumapili. Zimejaa sakristia.

Kwa hiyo naomba rasmi uikanushe Jumanne. Kama haiwezekani, basi uongeze siku sita zilizobaki. Na kwa kuwa Mama haamini tena simu wala picha, imebaki njia moja: uje mwenyewe, usimame mbele yake siku ya Alhamisi, ule taco tatu, umeze anaona. Una miaka kumi na moja hujakanyaga hapa. Karatasi zako za kuishi huko ulipata miaka minne iliyopita, kwa hiyo usinitajie mpaka.

Nisalimie mkeo, watoto na yule mbwa. Padre anakusalimu. Mzee Filemón anakusalimu kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi dada yako, mwenye masikitiko na heshima,
Leocadia

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha nikaenda kutafuta stempu. Nyuma ya kanisa nimemkuta Mama amekaa kwenye kreti la soda, leo hii Jumatano, anakula taco za nyama ya kichwa, shingo ameiinamisha upande, ndimu inamchuruzika mpaka kiwikoni. Tortila ni zile ulizochangiwa wewe. Padre Nazario alikuwa amemshikia bakuli la pilipili. Mama akaniona, akasema: "Funga mdomo, Leocadia. Nilipokuwa namwambia nimemkumbuka, alikuwa anatuma blanketi. Tangu asikie nina njaa, anapiga kila siku."

Basi futa kuanzia namba moja mpaka sita. Jumanne yako iache palepale, na usimwambie mtu kama unakula siku nyingine. Ila uje, Abundio. Uje siku yoyote isipokuwa Jumanne. Kibanda kiko mlangoni petu, na foleni itakuchelewesha kumwona Mama.