Mkubwa wa Shimo la Shuwa

Jumatatu, 27 Agosti 1984. Ibra.
Miaka tisa Nadhir ndiye mkubwa wa shimo la shuwa, tunamozika nyama za Iddi juu ya makaa zioke siku mbili, kila nyumba furushi lake. Yeye anapanga kuni, yeye anatoa amri ya kufukua. Basi! Nimependekeza uchaguzi. Nyumba arobaini, kila nyumba kura moja, ila kura zinachagua wajumbe wa kumchagua mkubwa: mitaa mitano, mtaa mmoja mjumbe mmoja. Wote wamekubali, wakidhani maneno yatapungua.

Alhamisi, 30 Agosti.
Mitaa miwili mikubwa, nyumba ishirini na tano, yote ya Nadhir. Sikanyagi huko. Mitaa mitatu midogo ina nyumba tano tano. Tatu kwa mbili kila mtaa, mara tatu. Nimewazungukia watu wanane. Wa tisa mimi. Kila mmoja nimemwahidi furushi lake ndilo litakalotoka shimoni mwanzo.

Jumamosi, 1 Septemba.
Nimeshinda! Wajumbe watatu kwa wawili. Kura: tisa zangu, thelathini na moja za Nadhir. Mzee Marzouq, mmoja wa wanane wangu, kazihesabu mara mbili, kisha kaomba maji. Nadhir kanipa mkono.
"Mabruki, Sleyum. Shimo lako. Nyama zetu."
Nimemshukuru.

Alhamisi, 6 Septemba. Iddi mosi.
Nimewasha kuni za mafurushi arobaini, kama ilivyo kwenye daftari la shimo. Yamekuja manane. Nadhir kachimba shimo jengine nyuma ya mitende! Sikupunguza hata kijiti. Kanuni ni kanuni. Nimeyatia, nimefukia. La tisa ni letu. Mke wangu Mahfoudha kalipeleka kwa Nadhir. Kasema katwanga thomu na viungo siku mbili, nyama yake si ya kupigiwa kura.

Jumamosi, 8 Septemba. Iddi tatu.
Nimefukua. Wanane wamegombania nani wa mwanzo. Ugomvi ulikwisha furushi la kwanza lilipofunguliwa. Makaa. La pili, makaa. Mzee Marzouq kalishika lake kwa vidole viwili.
"Hili bega au paja, mwanangu?"
Nimekula kwa Nadhir. Nyama inaachia mfupa yenyewe. Mahfoudha kanisogezea sahani.

Jumapili, 9 Septemba.
Kosa nimeliona. Wapiga kura tisa ni wengi mno. Mwakani naigawa mitaa upya: miwili mikubwa ya Nadhir, mitatu ya nyumba moja moja. Wa kwanza nyumba yangu. Nimemuuliza Mahfoudha, kwa uhakika tu, kura ya nyumba yetu itakwenda kwa nani. Kasema bado anafikiri.
Nimeongeza mitaa miwili mingine ya nyumba moja moja.