Jinsi Nilivyoizuga Setilaiti

Jumanne, 4 Machi

Bima ya mvua imefika Masanze! Mimi nilijua bima ni mambo ya mabasi na maghorofa ya Morogoro. Sasa inakuja ndani ya mfuko wa mbegu za mahindi. Unakuta kikadi, unakwangua, unatuma ujumbe ukiwa umesimama shambani kwako. Basi, umekatiwa. Mvua ikigoma, fidia inaingia kwenye simu.

Mkutano ulikuwa ofisi ya kata. Dada wa kampuni anaitwa Editha. Umri mdogo, sauti ya hakimu. Alieleza kwamba zamani ukipata hasara anakuja mkaguzi na begi lake, na kwa mkulima mdogo hakuna aliyejisumbua kuja. Siku hizi mvua haieleweki, mwaka huu mafuriko, mwaka kesho ukame, kwa hiyo bima nayo imebidi ijifunze. Haji mtu shambani. Setilaiti inaangalia kutoka juu.

Hapo Urbanus akanyoosha mkono. Urbanus ni mwanyumba wangu, kaoa dada wa mke wangu Fausta. Aliwahi kufanya kibarua reli miezi michache, tangu hapo ni mtaalamu wa kila kitu. Akauliza swali lake kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza! Masanze! Sikuvumilia. Nikatoka, nikakaa juu ya bodaboda ya watu mpaka mkutano ukaisha. Si kitu. La muhimu nilishalisikia. Setilaiti inaangalia.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe kashuka kutoka milimani. Nilimwamkia shikamoo kwa kuinama kabisa. Kaitikia marahaba ya baridi.

Huku kwetu ardhi inafuata upande wa mama. Shamba ninalolima ni la ukoo wa mama mkwe huyu, Bi Magdalena, mimi ni mkwe tu, nimekaribishwa. Akanikumbusha hilo kabla hata ya chai. Akanikumbusha na mengine. Mwaka juzi nililima matikiti kwa mkataba na tajiri mmoja, akatoweka kabla ya kuyanunua. Mwaka jana nilipanda mahindi kingoni kabisa mwa mto ili nisihangaike kumwagilia, Mkondoa ikaja ikayabeba yote. Alisema mwaka huu ndio wa mwisho. Asipoona mahindi ya kula mwaka mzima, shamba anampa Urbanus, na Fausta na mtoto Brayan anapanda nao milimani.

Nikamtazama Fausta anitetee. Alikuwa anaangalia chini. Hiyo iliniuma kuliko maneno yote ya mama yake.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua nzuri. Mahindi yamefika vifundoni. Fausta anaimba akipalilia. Mtu mwingine angetulia. Mimi si mtu mwingine.

Nimewaza hivi. Mvua ikiendelea, nitavuna. Vizuri. Lakini Urbanus naye atavuna, na ana shamba kubwa kuliko langu. Nitakuwa nimemshinda nini? Ila kikadi nilishakikwangua siku ya kupanda; nikivuna na fidia juu yake, ah! Mama mkwe ataniamkia yeye.

Na setilaiti ni nini? Ni jicho. Liko juu sana. Linaona rangi tu. Kijani, mvua ipo. Kikavu, mvua hakuna. Sasa kule Magomeni ya Kilosa tunakoishi, mashine ya kukoboa ina mlima wa pumba za mpunga, mwenyewe anazichoma moto zimpungukie. Nikitandaza pumba na manyasi makavu katikati ya mistari, shamba zima, nani ataona kijani?

Haki ya Mungu, kichwa hiki kingezaliwa Dodoma kingekuwa waziri.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeanza kazi. Guta la kukodi la magurudumu matatu, marobota ya pumba, jua kali. Nimevaa gunia lililotobolewa kichwani na mikononi, rangi ya nyasi kavu, ili setilaiti isinione nikitandaza. Kila ndege ya watalii wa Mikumi ilipopita nililala kifudifudi. Huwezi kujua zinashirikiana na nani.

Urbanus kapita na pikipiki. Kacheka mpaka akazima injini. Akauliza kama nimeokoka au nimerogwa. Nikamjibu ni utaalamu. Akaondoka bado anacheka, nikamsikia mpaka kwenye kalvati.

Mama mkwe naye kaja kutazama. Kaokota pumba, kazinusa. Kisha akamwambia Fausta kwa Kikaguru maneno ambayo Fausta alikataa kunitafsiria.

Jumapili, 30 Machi

Nimemaliza. Mgongo umekwisha. Kutoka juu ya kichuguu shamba linaonekana jangwa safi. Pongezi kwangu.

Kanisani mchungaji alimshukuru Mungu kwa mvua njema. Mimi peke yangu sikusema amina. Nilisema nusu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua imekata. Kweli kabisa. Wiki zaidi ya mbili, hata wingu la kusingizia hakuna. Mahindi ya watu yamekunja majani. Mashamba yote ya bonde yamekuwa rangi ya mkate. Shamba la Urbanus linapiga kelele ukilipitia, chakacha chakacha. Leo hajacheka. Kaniomba tu nimwazime jembe, kisha akasahau kulichukua.

Na shamba langu? Kijani! Kijani kibichi, cha matusi! Kila nikiamka limezidi. Chini ya pumba udongo uko baridi, ukitia kidole unatoka na tope. Majani yamefunika mistari yote, pumba hazionekani tena kutoka juu.

Nimekwisha. Fikiria setilaiti inapita, inaona Masanze nzima imekauka, halafu katikati doa moja la kijani. La nani? La Melkizedek! Aliyetuma ujumbe wa bima kwa namba yake mwenyewe! Si wataniita mwizi? Nimekimbilia mashine, nimeleta guta jingine la pumba, nimemwaga juu ya majani yenyewe. Upepo umezipeperusha zote chini.

Fausta kanipa maji ya kunywa, kanishika mkono. Kasema hajawahi kuona mwanaume anayepigania shamba namna hii. Nikashindwa kumtazama usoni.

Ijumaa, 25 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Editha. Anakuja Jumatatu. Anasema wameona jambo la ajabu kwenye shamba langu na anataka kuliona kwa macho yake.

Ndiyo hayo! Si alisema haji mtu shambani? Akija mtu maana yake ni polisi!

Nimemwambia Fausta nina dharura Kidete, kuna mzee mgonjwa. Akauliza mzee gani. Nikasema Cleopa. Akasema Cleopa alipita hapa asubuhi kuuliza bei ya pumba. Mji huu hauna siri.

Sijala. Kila nikifumba macho namwona Urbanus amesimama katikati ya mahindi yangu akijibu maswali kwa Kiingereza.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekaa nyuma ya kichuguu tangu asubuhi, ndani ya gunia. Editha kafika na pikipiki. Mama mkwe, Fausta na Urbanus wakampokea. Urbanus hakukosa, jambo la aibu yangu huwa analisikia kabla yangu.

Editha kaingia katikati ya mistari. Kainama. Kachimba na vidole. Mapigo ya moyo wangu yalikuwa yanasikika Kilosa mjini. Kisha akauliza kwa sauti ni nani aliyefanya hivi.

Mama mkwe akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye kichuguu. Kumbe walikuwa wananiona muda wote.

Nikatoka na gunia langu, mikono juu. Nilikuwa nimejiandaa kukiri, kulia, kumsingizia Urbanus, chochote. Editha akanishika mkono kwa mikono yake miwili! Akasema amezunguka kata nzima na hajaona tandazo zuri kama hili. Amefundisha miaka mitatu kwamba ukifunika udongo unyevu haukimbii, na hakuna aliyemsikiliza ila Bwana Melkizedek. Akaniuliza nilijifunza wapi. Nikasema nilijisomea. Akapiga picha. Akauliza gunia ni la nini, nikasema ni la kujikinga na jua, na hilo nalo akaliandika.

Loo! Ahueni niliyoipata hapo sijawahi kuipata tangu nizaliwe. Nikakaa chini kwenye pumba zangu nikacheka peke yangu. Urbanus akauliza, kwa Kiswahili sasa, kama mashine imebakiza pumba.

Na mama mkwe? Katembea mstari mmoja mpaka mwisho, akishika bua moja moja. Aliporudi akasema mkwe, chakula kipo. Fausta alikuwa anajifuta macho na ncha ya kanga. Mahindi yakaonekana mazuri ghafla hata kwangu.

Jumamosi, 10 Mei

Fidia imeingia! Nilikuwa kwa kinyozi Magomeni, simu ikalia, nikaruka nusu ya kichwa haijanyolewa. Na si mimi tu. Kila mwenye bima Masanze kapata ujumbe. Urbanus kapata. Cleopa kapata. Watu wanakumbatiana njiani, wengine walishaanza kuuza mbuzi ili wale.

Urbanus kaja nyumbani kunieleza, maana siku hizi ananieleza kwa upole. Anasema kwenye fidia setilaiti haiangalii shamba la mtu. Inapima mvua ya kata yote, ikipungua chini ya kiwango wote mnalipwa, uwe umevuna au hujavuna. Anasema Editha alieleza siku ya kwanza, wakati niko nje.

Nimemsikiliza kwa huruma. Masikini, kaamini. Mimi najua kilichotokea. Setilaiti ilipita Machi, ikaona jangwa langu, ikaandika Masanze imekauka. Kata nzima imekula kwa mgongo wangu! Sitawaambia. Wema usizidi kutangazwa.

Jioni mama mkwe kafunga mzigo wake kurudi milimani. Peke yake. Fausta kamsindikiza hadi stendi, akarudi akaingia jikoni akiimba. Mama mkwe alituachia maneno mbele ya jirani zetu wawili, ndiyo desturi yao, neno la ardhi lisikike. Shamba ni la Fausta, na Melkizedek alilime. Mbele ya watu! Nimelala kwenye kochi mpaka usiku huu, nikiitabasamia dari. Hakuna dawa ya mwili inayoshinda kutokufukuzwa.

Jumatano, 14 Mei

Mikumi. Nimealikwa na Editha kama mkulima wa mfano. Ukumbi wa gesti karibu na barabara kuu, malori yanatikisa vioo. Niliogopa nitaulizwa nilichokuwa nafanya hasa. Nikasimama, nikasema siri ni kuheshimu udongo. Makofi! Mzee mmoja wa Ulaya alilia. Nilikaribia kulia naye.

Kisha Editha akasimama. Kasema hatari zinabadilika kila mwaka, na bima inayokaa palepale haimfai mtu. Watu wameongezeka, mashamba yamesogea hadi kwenye mapito ya wanyama, tembo wanatoka hifadhini wanakula mahindi ya watu. Kwa hiyo msimu huu kampuni inajaribu bima ya tembo.

Nilikaa wima.

Akasema hapa setilaiti haisaidii. Lazima aje mtu. Ataangalia nyayo, mavi, na mahindi yaliyokanyagwa. Halafu akaanza kueleza kwamba wanalinganisha na kamera na taarifa za askari wa hifadhi, tembo wanajulikana wanapita wapi, na kwamba vijiji vya mbali na hifadhi havihusiki... Hapo nikatoka nje. Nilikuwa nimeshapata nilichokuja kufuata, na muda ulikuwa mfupi. Kando ya barabara ya hifadhi mavi ya tembo yapo ya kumwaga, bure, hayana mwenyewe. Nimenunua ndoo yenye mfuniko.

Kwenye basi la Kilosa watu walifungua madirisha yote. Nikawaambia ni mbolea ya kitaalamu. Dada mmoja kanitambua kutoka ukumbini, kaniomba kidogo.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeamka na furaha tele. Shamba letu, mke yupo, mtoto yupo, ghala karibu linajaa. Mwanaume akishapata utulivu huo ndipo akili inafanya kazi vizuri.

Mavi yapo. Mahindi ya kona ya chini nitayakanyaga mwenyewe, mistari michache tu, kwa ajili ya familia. Zimebaki nyayo, na za tembo ni duara. Nimezunguka nyumba nzima nikipima vitako vya vyombo kwa macho. Ndoo ndogo. Beseni pana mno. Sufuria kubwa ya Fausta, ile ya pilau la sherehe, ndiyo yenyewe! Kama imetengenezwa kwa kazi hii.

Nimemwomba aniazime. Kafurahi, kauliza tunapokea wageni wangapi. Nimemwambia ni mmoja tu, ila anakula sana.