Ombi la Kumfukuza Kocha Pickersgill kwa Kosa la Kushinda

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Soka ya Hagthorpe,
Yorkshire.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa mimi ninayeiandika si mzima wa moyo. Naitwa Wilfred Ogden, na kiti changu kiko nyuma ya benchi la makocha tangu enzi za uenyekiti wa babu yako. Naomba, kwa heshima zote, umfukuze kazi Kocha Desmond Pickersgill kabla hajatupandisha daraja. Sababu zangu ni hizi:

1. Alipokuwa mchezaji hatukuwa na ugomvi naye. Alikuwa beki wa kutegemewa: ukitegemea ajifunge, anajifunga. Aliwahi kupiga mpira ukavunja dirisha la kanisa, na mchungaji akampigia makofi kwa kuwa angalau siku hiyo ulikwenda mbele. Jumamosi moja yake ilitupa la kusema hadi Jumatano.

2. Goti lilipomstaafisha mkampa ukocha, nasi tukafurahi sana. Kumbe miaka yote ile alikuwa anajifunza kutokana na makosa yake, na makosa alikuwa nayo tele. Sasa timu inashinda, Ndugu Mwenyekiti. Inashinda hata ugenini.

3. Ushindi umeleta watu. Pai za nyama zinakwisha kabla ya mapumziko. Juzi mama mmoja mwenye skafu mpya alinigeukia: "Mzee wangu, mbona umenuna? Si tunaongoza tatu bila!" Mimi wa kuulizwa hivyo, niliyekaa hapa tukifungwa saba kwenye theluji!

4. Hili ndilo linaloniuma. Kushoto kwangu hukaa shemeji yangu Stanley Murgatroyd, kaka wa marehemu mke wangu, Edna. Tangu tumzike hatujaweza kuzungumza habari zake. Tulichobaki nacho ni kulalamika. "Umeliona hilo gogo?" ananiambia beki wetu akikosa mpira. "Gogo lina nafuu, shemeji, angalau linawaka," namjibu, na hapo tumeshajuliana hali. Siku hizi Stanley anatabasamu. Filimbi ikilia anasema, "Vizuri, eh?" Nami nasema, "Vizuri," kisha kila mtu anashika njia yake. Naogopa nitampoteza naye, na sina mwingine.

5. Watoto wa mji huu wanakua bila kujua kushindwa. Wakija kuoa itakuwaje?

Kwa hiyo naomba aondolewe kwa adabu, apewe saa ya ukutani, na mrithi wake awe mtu wa kushindwa kwa uaminifu.

Nisalimie mama nyumbani, mtunza nyasi, wauza pai wote, na refa wa Jumamosi kama macho yake yamepona.

Wako katika mvua na katika soka,
Wilfred Ogden

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Stanley amegonga mlango, uso umemshuka. Anasema klabu kubwa ya London inamtaka Pickersgill, nawe umekubali. "Mwenyekiti gani huyu, shemeji? Huyu angeuza hata nyavu za goli!" Tumeketi jikoni tukikusema mpaka chai imepoa, na katikati ya matusi Stanley akasema Edna angekutukana kutushinda sote. Tumecheka, kisha tumelia kidogo. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Kocha abaki, wa kumlaumu tumeshampata.