Ombi la Kurudishiwa Umaskini Wetu

Kwa Mkurugenzi wa Upimaji wa Maendeleo

KUHUSU: MTAA WETU KUPANDISHWA DARAJA BILA SISI WENYEWE KUPANDA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na makarani wako wote, na mashine zenu za kujumlishia. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa nyumba namba tisa katika mtaa huu wa bondeni, kibaraza changu kinatazama zahanati, na huu ni mwaka wa thelathini na moja napima watu. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu wa fani moja nawe, wala sina ubishi.

Wiki iliyopita lilibandikwa tangazo kwenye mlango wa zahanati. Linasema kwamba kwa mujibu wa upimaji wenu, mtaa wetu umetoka daraja la wenye uhitaji na kuingia daraja la waliopiga hatua. Tukapongezwa kwa herufi kubwa. Aya ya pili ikaeleza kwamba mtaa uliopiga hatua haustahili tena mkunga wa serikali, hivyo mkunga wetu atahamishwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ana mimba ya miezi minane na nusu. Uzazi wa kwanza ulimtoa damu mpaka tukakata tamaa, na aliyemrudisha ni mkunga huyo huyo, kwa mikono yake miwili na tochi aliyoishikilia mama watoto. Hospitali ya karibu iko ng'ambo ya mto, mwendo wa saa tatu kwa gari, na hilo gari uwe nalo. Nasema wazi kwamba naogopa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Choo. Mtaa wetu una nyumba kumi na tatu. Kumi na mbili ziko huku chini, na zote pamoja tunatumia vyoo viwili, kimoja kikiwa na mlango. Nyumba ya kumi na tatu iko juu kilimani, ni ya mkandarasi mmoja ambaye sote tunamwita Bwana Zege, nayo ina vyoo kumi na kimoja. Ripoti yenu imejumlisha vyoo vyote, ikagawa kwa nyumba zote, ikapata kwamba kila nyumba ina choo kimoja. Nimeirudia hesabu hiyo kwa chaki juu ya meza yangu ya kukatia, na ni sahihi kabisa, hata nukta haikubaki. Basi Jumatatu asubuhi nikapanda kilimani na taulo langu begani, nikamwomba mlinzi wa getini anionyeshe kipi kati ya vile ni changu. Mlinzi hakunikatalia kwa ukali. Alinieleza tu kwamba yeye mwenyewe hushuka kutumia vya kwetu. Naomba ofisi yako itupe namba za vyoo, kila nyumba na chake, na saa za kuvitumia.

2. Kochi. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Karani wako alipokuja na kishikwambi chake, binti mwenye adabu zake, alianzia nyumba namba moja. Sasa, Ndugu Mkurugenzi, mgeni wa serikali hakalishwi kwenye ndoo. Hilo halikujadiliwa na mtu, lilijulikana. Mtaa mzima mwenye kochi la maana ni mkunga peke yake, kochi la rangi ya zambarau lenye vitambaa vya kufumwa, na pia ana televisheni. Vijana wakavibeba hadi namba moja. Karani alipomaliza namba moja na kuanza kuagana, jambo ambalo kwetu huchukua muda, kochi na televisheni vilitoka mlango wa nyuma vikaingia namba mbili. Vikaenda hivyo nyumba kwa nyumba, zote kumi na mbili. Kufika nyumbani kwangu karani alishaanza kukaa bila kukaribishwa. Aliniambia watu wa mtaa huu tunapenda vitu vinavyofanana sana.

Ripoti ikatoka. Inasema nyumba zote zina televisheni, zote zina viti vya kisasa, na kwamba pengo kati ya nyumba na nyumba huku chini ni sifuri, usawa wa kupigiwa mfano. Sikatai kwamba ni usawa. Hatukudanganya pia, kwani kila alichokiona kilikuwepo pale alipokiona. Ninacholalamikia ni kwamba mkunga anahamishwa kwa sababu ya kochi lake mwenyewe. Ijumaa hiyo lori litapakia vitu vyake, na maendeleo ya nyumba kumi na mbili yataondoka kwa safari moja, tena yakiwa yamefungwa kwa kamba.

3. Umri. Ukurasa wa saba unasema wakazi wa mtaa huu huishi wastani wa miaka sitini na sita. Marehemu baba yangu alikufa na hamsini na miwili, kwa kikohozi. Kwa hesabu yenu anadai miaka kumi na minne. Nimeulizauliza, nikaambiwa mama mzazi wa Bwana Zege ana miaka tisini na minane na bado anatembea bustanini bila fimbo. Simlaumu bibi wa watu, na namtakia afya njema, ila kama miaka ya baba iko kwake ningependa kujulishwa rasmi. Baba alikuwa mtu wa mizaha, na sijui kama miaka yake inamfaa bibi huyo.

4. Visababishi. Mlango wa tano wa ripoti umewekwa kueleza kwa nini mitaa ya bondeni huchelewa. Kisababishi cha kwanza mmekiita uduni wa matarajio. Nimemsomea mama watoto akacheka mpaka akashika ukuta, na yeye si mtu wa kuchekacheka. Bomba la maji la kwenda kilimani linapita chini ya chumba chetu. Ukilala chali mchana, hata sekunde haipiti hujasikia maji yakipanda. Tumeyasikia miaka kumi na tisa. Barua za kuomba tupewe japo koki moja ziko tatu ofisini kwenu. Mtu anayelala juu ya maji asiyoyanywa, akaamka kwenda kisimani, bado mnamwambia hatarajii?

Kisababishi cha pili mmesema ni kukosa bidhaa za kuuza nje. Ndugu yangu, pamba inalimwa katika nchi yetu hii hii. Inaondoka ikiwa marobota na inarudi ikiwa mashati, tena baada ya wenzetu kuyavaa wakayachoka. Mimi nabadili kola na vifungo. Ningeulizwa nisaidie kutafuta chanzo cha tofauti kati ya nchi na nchi ningeanza na kola, lakini sikuulizwa.

5. Kaka yangu. Jedwali la mwisho linapanga nchi zote kwa ngazi, na ile aliko kaka yangu iko ngazi arobaini juu yetu. Kaka ananiandikia kwamba wanakaa sita chumba kimoja na kulala kwa zamu, na anapiga pasi nguo za hoteli katika chumba kisicho na dirisha. Kwa jedwali lenu alikwea ngazi zote arobaini pale ndege ilipogusa chini. Zaidi ya hayo, siku aliyoondoka wastani wetu ulipanda kidogo kwa kuwa maskini mmoja amepungua, na wa kule ukashuka kidogo kwa kuwa maskini mmoja ameongezeka. Ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyebadili hali ya nchi mbili kwa siku moja, na alikuwa na begi moja tu.

6. Kipimo chenyewe. Katika kazi yangu sijawahi kumpima mteja mnene na mteja mwembamba, nikajumlisha viuno vyao, nikagawa kwa mbili na kuwashonea suruali sawasawa. Mmoja asingeweza kuvuta pumzi na mwingine angetembea ameishika kwa mkono. Wangenirudia dukani siku hiyo hiyo, na wangekuwa na haki. Tofauti yangu na wewe ni kwamba wateja wangu wananijua ninapokaa.

Baada ya hayo nina maombi, na nimejitahidi yasiwe ya kukusumbua. La kwanza, mtutolee Bwana Zege mtaani. Simaanishi ahame, maana nyumba yake nzuri na taa zake zinatusaidia kuona njia. Nasema kwenye karatasi tu, mpaka wa mtaa upite chini ya geti lake. Ikishindikana, basi turudishiwe umaskini wetu wa awali, kwa barua yenye mhuri, tuibandike palepale mlangoni pa zahanati. Tuliuzoea na ulikuwa na mkunga ndani yake.

Na kama yote hayo hayawezekani kwa sababu taifa linahitaji takwimu nzuri, nina ushauri wa kitaalamu. Nyinyi mnahangaika na visima, barabara na dawa, vitu vizito. Bwana Zege mmoja ametosha kuinua mtaa. Basi tafuteni Bwana Zege mmoja aliye mkubwa zaidi, apitishwe nchi nzima hatua moja mbele ya karani, akae katika kila mtaa mpaka ahesabiwe, kisha atolewe kwa mlango wa nyuma na kuingizwa mtaa unaofuata. Mwaka hautaisha kabla nchi yetu haijapanda ngazi zote arobaini. Sisi tuna uzoefu, na vijana wetu waliobeba kochi wako tayari kutoa mafunzo. Nikifikiri zaidi naona huenda ndivyo ngazi za juu zilivyopandwa, ila hilo si la fundi cherehani kusema.

Nimeambatanisha orodha ya nyumba zilizo tayari kutambuliwa kuwa bado zina uhitaji, ili mkunga abaki.

Wasalimie wote hapo ofisini, wa juu na wa chini, dereva na anayewapikia chai. Karani wako mwambie mwavuli aliousahau kwangu nimeushona ubavu uliokuwa umeachia, aje auchukue wakati wowote. Mama watoto anakusalimu, na majirani wote pia, ingawa hawakujui.

Ni mimi, mpimaji mwenzako,

Fundi cherehani, nyumba namba tisa

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha niliwasomea majirani barua hii kibarazani. Walisema ni kweli tupu, hakuna neno la kupunguza. Baada ya hapo wakaanza kunijia mmoja mmoja, kila mtu na suruali kwapani, eti ya kupunguza urefu. Mwalimu mstaafu alisema mtaa mzima ni maskini na anashuhudia, lakini nyumba yake, namba nne, niifute kwenye orodha, ana wanafunzi wake serikalini. Mama muuza mkaa aliniomba nifute nyumba yake, namba sita, kwa kuwa wakwe watarajiwa wanakuja kuulizia binti. Hadi jioni nilikuwa nimefuta nyumba kumi na moja. Ya kwetu ameifuta mama watoto mwenyewe, kwa kalamu yangu, akisema hakubali kuitwa maskini na watu asiowajua.

Muda mfupi baadaye mlinzi wa kilimani akashuka na kikaratasi. Bwana Zege amesikia kuna orodha ya wenye uhitaji, anaomba jina lake liwemo. Sikuwa na sababu ya kumkatalia. Kwa hiyo orodha unayoipokea ina nyumba moja tu, namba kumi na tatu, na imesainiwa vizuri.

Ofisi yenu imeandika ukutani kwamba majibu hutolewa ndani ya siku tisini. Nimemweleza binti yangu, nikamwomba asubiri. Amesema atajitahidi.